Acha Kukaza! Hedseti Inayolia Haitaki Nguvu

Wasee, leo nataka tugombane kidogo. Kwa upendo, lakini tugombane.

Kuna neno moja linaharibu baiskeli zetu kuliko mashimo ya barabarani na matope ya Aprili yakiwekwa pamoja. Neno lenyewe ni "kaza". Baiskeli inalia? Kaza. Bado inalia? Kaza tena. Sasa inalia zaidi? Leta paipu tuingize kwa spana ipate nguvu, tukaze kisawasawa. Siku ya tatu bolti inakatika kichwa na mlio bado uko palepale. Krii, krii, krii, kila ukisimama kwa pedali kupanda kilima.

Naongea kuhusu hedseti. Na kabla mtu hajaniuliza, si ile ya kusikilizia muziki. Hedseti ya baiskeli ni kile kiungo kilicho ndani ya shingo ya fremu, pale mbele, kinachofanya foku na usukani vizunguke pamoja. Ina beringi mbili, moja juu na moja chini, mahali pa kuzikalisha, na ringi kadhaa nyembamba ambazo wengi wenu hamjawahi kuziona kwa sababu hamjawahi kuifungua. Kila breki ya mbele unayoshika ukiteremka, mzigo wake unapita hapo. Kila mzizi wa Karura, kila tuta ambalo halijapakwa rangi ukaliona umechelewa, linapita hapo.

Kwa hivyo msiniambie napiga kelele juu ya kitu kidogo. Hiyo ndiyo sehemu inayoshika usukani wako. Ikikuachia ukiwa unashuka Ngong Hills kwa kasi, utakuwa unatafuta meno kwa nyasi.

Msimamo wangu ni huu: hedseti ikilia, mara nyingi shida ni uchafu na ukavu. Kukaza hakutoi uchafu. Kukaza hakuleti grisi. Na kukaza bila kujua unakaza nini kunaweza kugeuza shida ya grisi ya shilingi mia mbili kuwa shida ya foku ya maelfu.

Sasa, hii tabia ilitoka wapi? Mimi siwalaumu wazee. Mafundi wengi walijifunzia kwa Black Mamba, ile baiskeli nzito nyeusi ambayo ilibeba maziwa, kuni, magunia ya makaa na mashemeji. Black Mamba ina hedseti ya mtindo wa zamani. Bomba la foku lina thredi, na juu yake kuna nati kubwa mbili. Ikilegea, unarekebisha ile ya chini, unaifunga kwa ile ya juu, maneno yameisha. Pale "kaza" lilikuwa jibu sahihi kabisa, na aliyelitoa alikuwa anajua kazi yake.

Lakini baiskeli za milimani tunazonunua leo, hizi za mtumba zinazoshuka na makontena, nyingi hazina hiyo kitu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani mmoja, John Rader, alileta hedseti isiyo na thredi, kampuni ya Dia-Compe ikaiuza kwa jina la Aheadset, na ndani ya miaka michache ikatawala baiskeli za milimani. Zaidi ya miaka 30 imepita. Baiskeli ilibadilika, ushauri ukabaki wa Black Mamba.

Na hapa ndipo vita vyangu vinaanzia. Ile bolti moja iliyo juu kabisa, katikati ya kifuniko, haishiki usukani. Haishiki foku pia. Kazi yake ni kuvuta bomba la foku juu huku ikisukuma stemu chini, ili beringi zikae bila nafasi. Ikishafanya hivyo, wanaoshika kila kitu ni zile bolti mbili za pembeni mwa stemu. Ukishazikaza hizo mbili, unaweza kutoa kifuniko cha juu, ukakiweka mfukoni, na baiskeli ikakufikisha nyumbani. (Usifanye hivyo, mvua itaingia. Lakini ingekufikisha.)

Sasa mwangalie fundi wa kaza. Anasikia mlio, anachukua spana, anaenda moja kwa moja kwa bolti ya juu. Za pembeni hajazigusa, ziko ngumu vilevile. Stemu haiwezi kusonga hata kwa unene wa karatasi. Anachovuta ni ile nati ya nyota iliyogongwa ndani ya bomba, inapanda polepole mpaka inapoteza mshiko. Amekaza nini? Hewa, buda. Amekaza hewa na amekutoza mia.

Akikumbuka kulegeza za pembeni, inaweza kuwa mbaya zaidi. Anakaza ya juu mpaka usukani unakuwa mzito, anakuambia "sikia hiyo, imeshika sasa". Gololi ndani ya beringi zinaanza kuchimba njia yake. Baada ya muda usukani unapata mahali anapopenda kukaa, pale katikati, unauhisi ukijifunga kidogo kila ukinyoosha. Hiyo beringi imekwenda. Uliingia na mlio, ukatoka na mlio pamoja na beringi mbovu.

Nawasikia: "Lakini yangu ilinyamaza nilipokazwa!" Ndiyo. Kwa siku mbili. Ukibana vitu viwili vikavu kwa nguvu zaidi, havitasonga kwa muda, kwa hivyo havitalia kwa muda. Vumbi bado liko katikati yake linasaga. Ni kama kumfunga mtoto mdomo akiwa na njaa halafu unasema amelala.

Na wale wa kupuliza? Hiyo mikebe ya mafuta mepesi ya kufungulia nati zenye kutu? Hiyo ni balaa nyingine. Unapuliza shingoni, mlio unakufa papo hapo, unatabasamu. Mafuta yale ni mepesi, yanaingia mpaka ndani ya beringi na kuosha grisi iliyokuwa imebaki. Yakikauka, umebaki mkavu kuliko ulivyoanza. Oili chafu nayo ni hadithi ileile, tofauti yake ni kwamba inaita vumbi lote la Kiambu lije likae hapo. Na tukiwa bado kwa hiyo mada, acheni kupeleka baiskeli kwa kijana wa kuosha magari aielekeze ile mashine ya presha shingoni. Maji ya presha yanapita pale ambapo mvua ya kawaida haipiti. Inang'aa kwa picha, ndani inalia.

Labda si baiskeli tu, labda ni nchi yenyewe. Bei zimepanda? Kaza mshipi. Umechoka, hulali, huna kazi? Jikaze, wewe ni mwanaume. Hakuna anayeuliza kinacholia ni nini. Tunaongeza presha tu. Haya, wacha nirudi kwa hedseti kabla sijaambiwa nimeanza siasa.

Mlio unatoka wapi haswa? Wengi wanadhani beringi ndiyo inayolia. Beringi iliyokufa kwa kawaida unaihisi mikononi: unazungusha usukani na unahisi mchanga, au inakwama. Hedseti iliyolegea nayo inagonga, tok tok, ukishika breki ya mbele. Lile krii la kukera linatoka kwa sehemu ambazo hazikutakiwa kusonga hata kidogo. Kikombe ndani ya fremu. Beringi ndani ya kikombe. Ile ringi ya chini iliyogongwa kwenye foku. Ile ringi yenye mkato inayokaa juu ya beringi ya juu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo mshukiwa wa kwanza kila wakati. Spesa juu ya spesa. Stemu kwenye bomba. Usukani ndani ya stemu. Zote hizo zinasonga kidogo sana, jicho halioni, na kwa sababu ni kavu zinashikana, kisha zinateleza ghafla, kisha zinashikana tena.

Kama umewahi kuona mtu akicheza orutu unaijua hii fizikia tayari. Upinde unashika uzi, unaachia, unashika, unaachia, mara nyingi sana ndani ya sekunde moja, na hapo ndipo sauti inazaliwa. Ule mwili wa mbao uliowambwa ngozi unaichukua ile sauti ndogo na kuifanya kubwa. Sasa fikiria fremu yako. Ni mabomba matupu ya alumini yaliyoungwa pamoja. Umebeba orutu yenye magurudumu. Na ukitaka kunyamazisha orutu hukazi uzi, unapaka upinde mafuta.

Kuna mjomba mmoja alinisikia nikieleza hivi akacheka, akasema, "Wewe si uliacha chuo mwaka wa pili? Utatufundisha uhandisi?" Niliacha, ndiyo, na nina amani nalo. Lakini msuguano haujawahi kuniuliza cheti. Unachohitaji ni macho, vidole, kitambaa na subira ya nusu saa, na hizo hazitolewi siku ya mahafali. Hili linanichoma kwa sababu ni sehemu ya tatizo lenyewe. Vijana wameaminishwa kwamba kuelewa kifaa ni kazi ya mtu mwingine, mwenye karatasi au mwenye ovaroli, na kazi yako wewe ni kulipa na kuondoka.

Ndiyo maana unauziwa. Duka moja la baiskeli hapa mjini, sitalitaja, liliniambia foku yangu imeisha. Hawakuifungua. Kijana aliishika, akaitikisa mara mbili, akasikia krii, akasema elfu kumi na nane. Elfu kumi na nane, maze, kwa sauti! Nilienda nyumbani nikaifungua mwenyewe. Ile ringi yenye mkato ilikuwa imepakwa udongo mwekundu kama chapati iliyopakwa siagi, pande zote mbili. Grisi haikuwa imebaki hata ya kupaka ukucha. Nilifuta, nikapaka, nikafunga. Foku hiyohiyo naiendesha mpaka leo.

Wenzangu wanaotengeneza video nao wamo. Kila shida ya baiskeli kwao ina jibu moja, na jibu lina bei. Hedseti inalia? Nunua hii mpya, angalia rangi yake. Mpya inanyamaza kwa sababu imewekwa na grisi mpya, si kwa sababu ni ya rangi ya zambarau. Mpe miezi mitatu ya vumbi la Januari bila kuifungua, italia kama ya zamani. Halafu utauziwa nyingine.

Basi tufanye nini? Kwanza tafuta, kabla hujagusa spana yoyote. Sauti inasafiri kwenye fremu vibaya sana. Kitu kinacholia chini ya kiti unaweza kuapa kiko mbele.

Panda baiskeli utafute mahali tulivu. Kanyaga ukiwa umeketi, kisha ukiwa umesimama. Kama inalia ukiwa umeketi tu, anza kushuku kiti na bomba lake. Kama inafuata mzunguko wa miguu yako, krii moja kila pedali ya kulia ikishuka, anza na pedali, mikono yake na beringi za katikati, achana na hedseti kwa sasa. Kisha acha kukanyaga, baiskeli ikiteleza yenyewe, usukume usukani chini na uuvute juu. Ikilia hapo, tuko mbele.

Shuka. Shika breki ya mbele kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili weka vidole pale ambapo shingo ya fremu inakutana na hedseti, juu kwanza, halafu chini. Sukuma baiskeli mbele na nyuma. Vidole havidanganyi kama masikio. Ukihisi kitu kinagonga, kuna nafasi. Pinda usukani uangalie pembeni kabisa, sukuma tena, kwa sababu gurudumu likiwa limenyooka hata breki na foku yenye shoki zinaweza kuwa na mchezo wake ukadhani ni hedseti. Halafu simama mbele ya baiskeli, bana gurudumu kwa magoti, na ujaribu kupinda usukani taratibu. Ikilia hapo, mtazame stemu na mahali inaposhika usukani. Na tafadhali, angalia kebo. Nimeona mtu akibadilisha hedseti nzima kumbe ni kebo ya gia inayosuguana na fremu kila akikata kona.

Ukiwa na uhakika ni hedseti, foku lazima itoke. Hapa hakuna njia ya mkato, na ndiyo maana watu wanapenda kukaza, kwa sababu kukaza ni dakika moja. Legeza bolti za pembeni, toa ya juu, toa stemu, na ushike foku isije ikadondoka miguuni mwako. Hiyo simu unayonisomea nayo, ipige picha kila hatua. Kila ringi ina upande wake wa juu na wa chini, na ukigeuza moja utarudi hapa ukinilaumu.

Safisha kila mahali vitu vinapogusana. Kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kinatosha kwa vikombe na ringi. Beringi zilizozibwa usizitumbukize ndani, zifute tu kwa nje. Kisha zizungushe kwa kidole. Ikizunguka laini, rudisha, hata kama ina miaka. Ikiwa na mchanga au inakwama, hiyo ndiyo ya kununua, hiyo tu, si seti nzima. Na uende nayo dukani mkononi. Ziko za milimita 41 na ziko za milimita 41.8, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, lakini ukiweka ndogo kwenye nafasi ya kubwa umejitengenezea mlio mpya kwa pesa zako. Soma maandishi yaliyochongwa ubavuni: upana, kimo, na digrii za pembe, mara nyingi 36 au 45. Hizo pembe ndizo sababu beringi ya gari kutoka Kirinyaga Road haitakusaidia hata vipimo vingine vikikaribiana. Ya hedseti imekatwa kingo ili ijikalishe yenyewe.

Grisi sasa. Nyembamba, lakini kila mahali chuma kinakaa juu ya chuma: ndani ya vikombe, chini ya beringi, juu ya ringi ya foku, na ile ringi yenye mkato pande zote. Ile ringi usiipite haraka. Mahali pamoja tu usipake, ndani ya stemu inaposhika bomba la foku. Hapo futa pakauke, maana pale tunataka kushikana. Kama bomba au usukani wako ni wa kaboni, kuna utomvu maalumu wa kaboni wenye chembechembe, grisi ya kawaida weka mbali.

Kurudisha ndiko watu wanakosea. Kaza ya juu kidogo kidogo, bolti za pembeni zikiwa zimelegea, mpaka lile tok tok linaisha. Hapo hapo, simama! Inua mbele ya baiskeli. Usukani uanguke upande wenyewe kwa uzito wa gurudumu. Ukikataa, umezidisha, rudi nyuma robo. Nyoosha stemu, kisha kaza za pembeni kwa zamu, hii kidogo, ile kidogo. Stemu nyingi zina namba imeandikwa kwenye mwili wake, mara nyingi Nm 5 au 6, na hiyo si mapambo. Ni nguvu ya kiganja, si ya bega, wala ya paipu.

Kama umefanya hayo yote na bado inagonga kila wiki, toa kifuniko uangalie ndani. Ncha ya bomba la foku inapaswa kuwa chini ya ukingo wa stemu au spesa ya juu kwa milimita 3 hivi. Kama viko sawa, kifuniko kinabana bomba badala ya stemu, na unaweza kukaza mpaka Krismasi bila beringi kuhisi chochote. Baiskeli za mtumba zina hii shida sana kwa sababu mtu njiani alichukua spesa moja akasahau kuirudisha. Dawa yake ni spesa ya milimita 5. Hiyo peke yake imewafanya watu wauze baiskeli kwa hasara.

Wacha niwe mkweli pia kwa upande wa pili. Kuna mlio ambao grisi haiugusi. Kwenye foku zenye shoki, bomba la juu na yale mawili ya chini yamebanwa kwa nguvu ndani ya kile kipande kinene kinachoyaunganisha. Baada ya miaka ya kupigwa, mbano ule unaweza kulegea na ukaanza kulia kwa sauti ileile ya hedseti. Utafungua, utasafisha, utapaka, utafunga, na utasikia krii yako. Weka kidole kwenye kile kipande kinene na usukume, utaihisi hapo. Hiyo ni ya kubadilisha. Kuna watu wanamimina gundi. Mimi sitaiendesha hiyo, wala sitampa mdogo wangu aiendeshe. Na ukiwa umeitoa foku, pitisha ukucha kwenye bomba lake, hasa pale stemu ilipobana na pale chini juu ya ringi. Ukihisi ufa, hata mwembamba kama uzi wa buibui, mazungumzo yameisha, usiendeshe hata hadi dukani. Angalia basi kejeli yake: baiskeli inalia kukuonya kuhusu ufa, na sisi tunakaza ili inyamaze.

Kwa hivyo mafundi ni wabaya? Hapana, na hapa nitawageukia nyinyi wenzangu. Fundi wa barabarani analipwa kwa kile unachokiona. Akikaza, umeona mkono ukifanya kazi, unatoa mia. Akikaa nusu saa akisukuma baiskeli yako mbele na nyuma, amefunga macho, ameweka vidole shingoni mwa fremu kama daktari, unamuuliza "Fundi, kwani unafanya nini?" Kisha akikuambia amepata, ni ringi moja ilikuwa kavu, ni mia tano, unasema ameiba. Mia tano ya kutafuta huna, elfu kumi na nane ya foku unayo? Wanaopeleka chakula kwa baiskeli wana haki ya kuharakisha, siku ikilala bila baiskeli hakuna pesa. Wewe wa Karura kila Jumapili, ulikuwa unakimbilia wapi?

Fundi ninayempelekea sasa tuna makubaliano. Kutafuta kuna bei yake, hata asipopata. Nilimpelekea rafiki yangu ambaye alikuwa ameapa kwa mama yake kwamba ni hedseti, ameshabadilisha beringi za juu na chini, ameshalia kuliko baiskeli yenyewe. Fundi alizunguka nayo mara mbili, akarudi, akatoa pedali ya kushoto, akafuta thredi, akapaka grisi, akairudisha. Mia tano. Rafiki yangu alitaka kubishana kuhusu bei. Nikamlipia mimi.